Mgomba Tuliouzika Badala ya Kapteni Dastan

Kaka yangu Dastan Rwegasira tulimzika akiwa hai, na aliyeharakisha maziko hayo ni mimi.

Naitwa Kokwijuka, mtoto wa pili wa mzee Kahigi wa Rubafu. Nimesoma hadi darasa la saba tu, lakini kichwa changu hakijapoteza kitu. Dastan ndiye mkubwa wetu, Buberwa kitinda mimba. Vita vya Amin vilipotufikia, Dastan alikuwa luteni.

Mwezi wa tatu mwaka 1979, upande wa Uganda, kikosi chake kilishambuliwa kwenye barabara inayokata katikati ya mafunjo. Akawaamuru vijana wake warudi nyuma, yeye akabaki na bunduki ya rashasha akiwazuia adui mpaka risasi zikamwishia. Kisha akaingia majini na majeruhi wawili walioachwa, mmoja mgongoni, mwingine akimvuta kwa mkanda. Walikaa siku tisa ndani ya mafunjo, wakinywa maji yale yale waliyokuwa wakivujia damu. Wote wawili walipona. Kwa hilo alivishwa nishani, na baadaye akawa kapteni.

Sisi hatukujua. Askari wa kijiji jirani alikuja likizo akasema alimwona akianguka. Baba alitaka tungoje barua ya jeshi. Nikamwambia, "Tata, mwanao atalala nje mpaka lini?" Kwetu, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, huzikwa mgomba badala yake. Niliuchagua mwenyewe, nikauvalisha shati lake la shule. Tukauzika kibanjani, kwenye shamba letu la migomba nyuma ya nyumba, tukakaa matanga. Baba hakumaliza miezi miwili, naye akafa. Kibanja kikawa cha Buberwa.

Mwezi wa saba, vita vilipokwisha, Dastan akatokea uwanjani amevaa magwanda. Wazee wa ukoo hawakumruhusu kuvuka mlango. Wakasema mtu aliyekwisha kuliliwa harudishwi kwenye urithi. Akaenda kupanga chumba Kashai, mjini Bukoba. Alichumbia mara moja. Wazazi wa binti wakajibu kwamba hawaozi kwa mwenye kaburi. Hakuchumbia tena.

Mwaka jana saratani ilimlaza, nikamchukua kwangu Muleba. Aliomba kitu kimoja tu: alale karibu na Baba. Tukakodi gari hadi Rubafu.

Buberwa alitupokea kwa kahawa ya kutafuna, kama wageni.

"Mdogo wangu, nimekuja kuomba futi sita," Dastan akasema.

"Kapteni, zako ulishapewa. Ziko pale nyuma."

"Pale amelala mgomba. Umekula ndizi zake miaka yote hii, hata mkungu mmoja hukuniletea."

Buberwa akajibu kwa heshima, bila kucheka. "Waitu kaka, usinitanie. Kwenye kibanja hiki nimezika wanangu wawili. Amebaki Avit. Aliyezikwa akizikwa tena hapo hapo, huondoka na mtu wa nyumba. Avit akifa, nitamdai nani?"

"Huoni aibu!" nikamwambia. "Mzee wa kanisa la Kilutheri unasema hayo?"

"Hata siku ile ulipoleta mgomba tulikuwa Walutheri, dada."

 Nikamgeukia Dastan aseme neno.

"Mwache," Dastan akaniambia. "Ana mtoto mmoja." Akaegemea bega langu, akatembea taratibu hadi garini bila kutazama nyuma ya nyumba.

Alifariki wiki tatu baadaye. Niliwaomba wakwe zangu wa Muleba sehemu kidogo tu kwenye kibanja cha marehemu mume wangu. Wakasema huyo si wa ukoo wao. Tukampeleka makaburi ya mjini Bukoba. Askari walikuja wakapiga risasi hewani, wakaikunja bendera vizuri sana. Upande mmoja amelala mtu nisiyemjua, upande wa pili kaburi halina hata jina.

Buberwa alikuja, akasimama barabarani, hakuingia.

Baada ya maziko nilitandika sebuleni kwangu nyasi za kukalia matanga, nikangoja ndugu. Walipiga simu. Walisema pole, wakasema matanga ya Dastan walishakaa, tena mimi mwenyewe ndiye niliyewaita. Nilikaa chini siku nne, peke yangu. Siku ya tano nikazikusanya zile nyasi, nikazitupa chini ya migomba.