Watazamaji Walicheka, Kumbe Mabati Yanang'olewa Kweli

Saa tisa alasiri, Scovia Nyatichi anaacha cherehani na kutundika mablanketi kwenye kuta za mabati za duka lake mjini Migori. Bila mablanketi hayo, kelele za pikipiki humeza sauti. Anafunga leso nyeusi kichwani, anaegemeza simu kwenye rundo la vitambaa na kuanza kuomboleza.

Mchezo umeanza, moja kwa moja mtandaoni.

Scovia, 38, hushona sare za shule. Mara mbili kwa wiki huigiza mjane anayenyang'anywa shamba. Jacktone, muuza nyama, ni shemeji mwenye tamaa. Elkana, fundi wa simu, hukaa nje ya dirisha akisoma maoni ya watazamaji kwa sauti za wazee na akina mama. Hivyo watazamaji huwa majirani wa mjane, na waigizaji huwajibu papo hapo.

"Mtu akiwa ukumbini ataona haya kutoka. Kwa simu anakuhama tu," anasema Scovia. "Kwa hivyo tunampa kazi. Mjane akiuliza mpaka wa shamba uko wapi, yeye ndiye anajibu."

Na hujibu kwelikweli. Jacktone analalamika kwamba mama mboga amekataa kumuuzia sukuma wiki. "Ameniambia nirudishe shamba kwanza," anasema.

Mwezi uliopita, utani huo uliisha. Katikati ya mchezo, Elkana alisoma, kwa sauti ya bibi kizee, maneno ya mtazamaji aitwaye Liz: "Shemeji zangu wako juu ya paa langu. Wanang'oa mabati."

Watazamaji walimimina vicheko. Jacktone, akiwa bado shemeji, akajibu: "Wacha wang'oe. Ni mabati ya ndugu yao."

Ujumbe wa pili ulipoingia, Elkana aliusoma kwa sauti yake mwenyewe: "Dada, mimi siigizi. Niko Asumbi."

Scovia alivua leso, akajitaja kwa jina lake halisi na kuwaomba walio karibu na Asumbi wakimbilie kwa Liz. Waendesha bodaboda wawili walifika. Nusu ya paa ilikuwa imeshushwa, na watoto wamejificha chini ya meza.

Kesho yake Scovia alifunga duka, akaandamana na Liz, mjane wa kweli, hadi kwa afisa mmoja wa utawala. Anasema waliambiwa hayo ni mambo ya familia. Kisha afisa akamgeukia yeye: mchezo wake una kibali?

"Mtu anabomoa nyumba ya mjane mchana, haulizwi kibali," anasema. "Mimi nikilia kwa simu, naulizwa."

Shemeji walirudi kumalizia kazi. Sasa Liz na watoto wake watatu wanalala katika kibanda cha jikoni. Mabati yake yameezekwa kwenye zizi la shemeji mmoja, mkabala na mlango wa Liz, na kila mpita njia anayaona. Hakuna aliyekamatwa.

Jacktone alitaka kuacha mchezo. Scovia alimkatalia. "Utabaki," alimwambia. "Watu wamchukie shemeji wakimwona."

Alhamisi ijayo wataigizia ndani ya nyumba ya Liz, ambaye amekubali kuketi mbele ya simu. Zizi litaonekana mlangoni. Majirani, wa mtandaoni na wa pale kijijini, wataulizwa mabati yale ni ya nani.

Elkana alipouliza abebe taa ngapi, Scovia hakuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Taa za nini?" alisema. "Paa wameshafungua. Mwanga utaingia, na watu waone."