Nyati wa Odilo

"Kaseme," Letisia alimwambia mumewe. "Kaseme kabla watu hawajaingia bondeni."

"Niseme nini na mguu huu?"

"Mguu huo huo useme. Umetobolewa na ng'ombe wa Yoramu, si nyati."

Odilo, kaka yangu, alikuwa kitandani, paja limefungwa kaniki, akigeuka huku na huku kama hindi kwenye makaa. Mimi nilikuwa mlangoni napepeta ulezi, sikio moja ndani, la pili ng'ambo kwa Yoramu, ambako wanaume walikuwa wakinoa mikuki ya kumwinda nyati. Kila chuma kikilia, Odilo anageuka tena.

Huyu Odilo mjue alikuwa nani. Enzi hizo za Mwingereza, kutoka Njombe mpaka Makambako hapakuwa na mwenye mbwa kama wake. Ugali alikula baada ya wao kushiba. Mmoja, jina lake Tutaonana, aliweza kunusa paa aliyepita mwaka jana akakuonyesha alikolala. Ngiri wakisikia njuga zake walijifunga miguu wenyewe. Asiyeamini akawaulize ngiri. Mali nyingine Odilo hakuwa nayo. Shamba lilikuwa kama la kila mtu na nyumba ilivuja, lakini akipita njiani hata wazee walimpisha.

Siku ile mbwa walimkimbiza paa hadi kwenye majani marefu ya bondeni. Paa akapita zake. Mbwa wakamwangukia ng'ombe mwekundu wa Yoramu, aliyekuwa ametoroka zizini ili azae mahali pa utulivu. Ng'ombe mwenye ndama mchanga akiona mbwa, yeye anaona fisi. Na mbwa akifukuzwa hukimbilia wapi? Kwa mwenyewe. Tutaonana akajibanza katikati ya miguu ya Odilo, na pembe ikaja nyuma yake. Kaka yangu alirushwa juu hata akayaona mabati ya misheni ya Kidugala.

Alirudi anachechemea. Watu wakamuuliza, akasema nyati. Ilembula kutibiwa hakutaka kwenda, maana huko wangemuuliza zaidi. Habari ilipofika Lyamkena, nyati huyo alikuwa na pembe pana kama mlango wa kanisa na ameshaua watu wawili.

"Wakisikia majani yanavunjika watarusha mikuki," Letisia alisema. "Yoramu hana ng'ombe mwingine. Na ndama atanyonya nini?"

"Mama Tarsis, wakijua watanicheka mpaka kaburini. Mwindaji mzima kupigwa na mama wa maziwa."

"Si ucheke nao."

"Dada, mwambie huyu."

"Nimwambie nini? Ukitaka, nitasema ng'ombe alikuwa mkubwa kuliko nyati."

"Wewe nyamaza. Hizo pembe za mlango wa kanisa zilitoka wapi?"

"Nyati wako ulimleta mdogo mno. Nilimwonea huruma."

Letisia hakucheka. "Wifi, nawe ungekuwa umeshatoka mbio kuwazuia."

"Mimi nani ataniamini?"

Odilo akainuka, akashika ukuta, akasimama, akakaa tena. Mbwa walikuwa wakiingia na kutoka, hawalali, hawali. Ng'ambo baragumu likalia kuwaita watu.

"Baba Tarsis," Letisia alisema, "ukishindwa kusema wewe, nitasema mimi, halafu ndiyo watacheka kweli. Wataambiwa na mwanamke kwamba..."

"Hodi."

Yoramu aliingia kabla hajakaribishwa, mkuki mkononi, mbwa wakimnusa magoti.

"Kamwene, Odilo. Pole na mguu. Mimi sikai. Nadhani huyo nyati wako ndiye aliyeniulia ng'ombe, tangu juzi simwoni. Nieleze tu ni majani ya upande gani."

Mimi ungo ulinisimama mikononi. Odilo aliuvuta mguu wake mgonjwa taratibu, akapapasa kitanda kando yake.

"Kaa kwanza, Yoramu."

"Watu wako njiani."

"Kaa."