Siku Kompyuta Ilipompanga Mikayi Mwisho

Mnicheke mkitaka, nilishajicheka mwenyewe nikachoka, lakini aibu ya siku ile bado inaniuma.

Miaka ya tisini nilikuwa mtu wa kompyuta katika chama cha kusaidiana mazishi mjini Homa Bay (kompyuta yenyewe ilikuwa moja tu, na tuliifunika kitambaa kama kochi la wageni). Familia zote za wanachama zilikuwa ndani ya programu ya zamani, ile ya skrini nyeusi na herufi za kijani, ndipo tukaletewa mpya. Tukakubaliana tusihame kwa pupa: ukoo mmoja mmoja, na kila ukoo ukishaingia tunalinganisha karatasi ya zamani na ya mpya ndipo tuendelee.

Basi baba yangu mkubwa akafariki kule Oyugis, na ukoo wetu ulikuwa haujahamishwa. Ningechapa ratiba ya mazishi kwa ile ya zamani, yakaisha. Lakini mimi nilitaka watu waone herufi nzuri na ua pembeni, nikauhamisha ukoo asubuhi ile ile ya mazishi, nikachapa, kulinganisha nikaona ni kujichelewesha tu, nikaondoka na bunda langu, kifua mbele.

Baba mkubwa aliacha wake watatu. Mikayi, yaani mke wa kwanza, ni Mama Wilkista, aliyenilea tangu mama yangu mzazi afariki, na kwetu mikayi ndiye hutangulia kumuaga mumewe, hata mtoto anajua. Programu ya zamani ilifuata mpangilio tulioandika sisi. Ile mpya, kumbe, ilijipangia majina kwa alfabeti na kuyatia namba: Akinyi, Beldina, Wilkista.

Mchungaji alikuwa mgeni kutoka Migori, akasoma alichopewa. Mama Wilkista alishainuka, leso mkononi, anaelekea kwenye jeneza, mara akasikia, "Sasa tumsikie mke wa kwanza, Akinyi." Akinyi (rika langu kabisa, maskini) akainamisha kichwa. Mama akasimama pale katikati, watu wote wakimtazama, kisha akarudi polepole kuketi. Wazee wakafoka, mchungaji akaomba radhi na kumwita upya, nami nikapiga magoti kando ya Mama.

"Mama, si mimi, ni mashine."

"Nyathina, mwanangu," akasema bila hasira, "mashine hainijui. Wewe unanijua."

Hakuinuka tena kwenda kwenye jeneza. Usiache mbachao kwa msala upitao, nilifundishwa hivyo shuleni nikajibu mtihani na kupasi, na bado nikaacha. Tangu hapo sichapi jina la mjane yeyote kabla sijaenda kumsomea mwenyewe, hata wakisema ninawachelewesha. Lakini baba mkubwa alifukiwa bila kuagwa na mke aliyeanza naye maisha, na hilo siwezi kulirudisha.