Mistari Sitini na Nne ya Mzee Pandu

Msinambie kitu juu ya Bi Mwatum. Hapo dukani kwetu Madungu mimi natengeneza redio, yeye anachapa kwa kompyuta kuukuu isiyo hata na kipanya. Kila amri ya vidole. Ingekuwa yangu ningeshaitia shoka. Yeye huibembeleza, na hakosi kazi.

Mzee Pandu wa Msuka alimsimulia maisha yake kidogo kidogo, ili wajukuu waje wasome. Kabla hayajachapishwa akapata kiharusi, ulimi ukafunga. Maneno yake yakabaki mle ndani ya mashine tu.

Siku ya kuyachapisha alikuja na bintiye, Masika. Masika akasoma kwenye kioo, akasita. "Bi Mwatum, huu mstari wa mwaka sitini na nne ufute, dada yangu. Wa nini tena?"

Mzee akainama.

Bi Mwatum akabonyeza 64, akidhani mashine itauendea mstari wenye mwaka huo, kisha akatoa amri ya kufuta. Na kwa kuwa umeme wetu haukawii kukatika, akahifadhi papo hapo, kama afanyavyo siku zote. Lahaula! Kumbe mashine imeambiwa ifute mistari sitini na nne! Ikabaki salamu ya mwanzo peke yake.

Masika akapiga ukelele. Mimi nikaruka niizime, niiwashe upya.

"Himid! Ukigusa hapo tutagombana!" Miaka yote ya pale dukani sijamsikia Bi Mwatum akipaza sauti.

Akaweka mikono mapajani. "Sahani ya kombe, ile ya dawa iliyoandikwa aya kwa zafarani, ukiiosha, aya zinakwenda wapi? Si majini? Na maji yale hatuyamwagi, tunayanywa. Na hii lazima ina pahala imeyaweka; ukiizima ndiyo umeyamwaga."

Akakumbuka anavyohamisha maneno: hufuta huku, huyarudisha kule kwa herufi moja. Akapiga bismillahi, akaibonyeza.

Yakarudi yote. Wallahi nilitaka kumbusu mikono.

Akausoma ule mstari kwa sauti: "Mwaka sitini na nne nilimzika kaka yangu Nyange, nikayazuia machozi mbele za watu." Akamgeukia Masika. "Haya, niufute?"

"Usiuguse, Bi Mwatum. Usiuguse!"

Tukamtazama Mzee Pandu. Alikuwa analia, mbele yetu sote, wala hakujifuta.