Kwato ya Bihogo

Mimi ni mtu wa kinyaa, sifichi. Yai lenye kiini kibichi nalisukuma pembeni. Mtu akipenga kamasi karibu yangu, siku hiyo sili tena. Mke wangu Kokubanza husema nilistahili kuzaliwa kwenye nyumba za vigae, si hapa Ihembe ambako asubuhi huanza kwa kukanyaga mavi ya mbuzi. Basi Mungu, kwa mipango yake, akanipa jirani aitwaye Benadeta.

Benadeta alifua mashuka ya hospitali pale Nyakahanga kwa miaka kumi na tisa. Damu, matapishi, vya wazazi na vya maiti, vyote vilipita mikononi mwake, na jioni alikula ndizi na maharage kwa mikono hiyohiyo, tena kwa hamu. Mumewe alipofariki, ndugu wa mume walikaa kikao hata matanga hayajaanuliwa. Wakasema kwa kuwa marehemu ameacha binti tu, Vero, basi kibanja, lile shamba la nyumbani, kinarudi kwenye ukoo, pamoja na migomba ya babu na kahawa zote zilizokuwa zinazaa. Benadeta wakamsukumia kipande cha rweya, yale majani matupu ya kilimani ambako hata mchicha huota kwa kubembelezwa. Nilikuwepo kwenye kikao hicho. Waligawana mali ya mjane huku wakitafuna nyama ya msibani, mafuta yakiwachuruzika videvuni. Nyama yangu ilinishinda, nikampa mbwa.

Rweya haigeuki kibanja bila samadi, na samadi haiji bila mifugo. Benadeta hakuwa na hata kuku. Hapo ndipo alipoanza kuokota wanyama ambao wenzake wamewachoka.

Alianza na mbuzi jike aliyetobolewa jicho kwa fimbo kwa sababu aliingia kwenye maharage ya mtu. Akafuata mbwa aliyenasa kwenye waya wa mtego, nyama ya shingo ikiwa imeota juu ya waya. Benadeta aliutoa kwa koleo mbele yangu, usaha ukamrukia kwenye mkono wa gauni, na yeye anaendelea kunisimulia matokeo ya mtihani wa Vero. Nilikimbilia nyuma ya kahawa nikatapika. Aliniletea maji ya kusukutua na kuniuliza kama nina mimba.

Habari ikaenea, na watu wakageuza lango lake jalala. Hawa ndio walionichefua kuliko usaha. Watu wanatoka kanisani, midomo bado ina ladha ya sakramenti, wanatupa kwenye uzio wake gunia lenye paka aliyemwagiwa maji ya moto. Mmoja alimwacha nguruwe mwenye sikio lililooza, akaondoka bila hata shikamoo. Hakuna aliyewahi kuleta debe la pumba. Kisha walikaa vilabuni wakimwita Mama Mizoga na kucheka.

Bihogo alikuja wakati wa kiangazi, miaka mitatu iliyopita. Ni jike wa rangi ya udongo mwekundu, mwenye pembe ndefu, na wakati huo alikuwa mali ya Kamugisha, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Nkwenda kule Kyerwa. Kamugisha ni shemeji yangu, mdogo wake Kokubanza. Siku hiyo alikuwa akiswaga ng'ombe kwenda mnadani, akapita kunisalimu, nami nikamsindikiza hadi barabarani. Bihogo alikuwa ameoza kwato ya nyuma, kati ya vidole, funza wanachezacheza humo. Alilala njiani. Kamugisha akampiga hadi fimbo ikakatika. Ngozi ya mgongo ilipoanza kuchanika, akafuta mikono kwenye majani na kuniambia, "Anayemtaka amchukue. Mimi nimeshamtupa."

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu haya. Yakumbukeni.

Benadeta na Vero walitumia mchana kutwa kumfikisha Bihogo kwao, ni hatua mia mbili tu. Tangu hapo, kila baada ya siku mbili alichokonoa ile kwato kwa kisu, akaiosha kwa maji ya chumvi, akapaka mrututu na kuifunga kwa kipande cha shuka kuukuu. Uvundo ulinifikia mezani. Nilikwenda kushtaki kwa mwenyekiti wa kitongoji kwamba jirani yangu anafuga maradhi. Mwenyekiti, mzee Aristides, alinijibu nihamishe meza.

Baada ya miezi minne ng'ombe alitembea, akichechemea kidogo tu. Mwaka uliofuata, mvua zilipoanza, nilipita kwenye ile rweya nikaona udongo mweusi, mnene, umefunikwa majani makavu kama kibanja cha mtu mwenye akili. Niliona aibu kwa yale mashtaka yangu. Nikambebea machipukizi ishirini ya migomba yangu, kumi na tano ya kupika na matano ya mbire, zile ndizi za kutengenezea pombe. Mashimo ya kwanza niliyachimba mwenyewe. Bihogo alipozaa, Benadeta akawa anamtuma Vero kila asubuhi na kikombe cha maziwa kwa Kokubanza, ambaye ana vidonda vya tumbo. Hakuniomba kitu.

Mwaka huu Kamugisha anamwoza mtoto wake wa kiume. Wakwe wanataka ng'ombe wa maziwa, na Kamugisha hakuwa na mwenye kung'aa kama Bihogo. Alimwona akipita na pikipiki. Akarudi na maneno mapya: kwamba hakumtupa, alimpa Benadeta amtunzie.

Kwetu ng'ombe wa kutunziwa ana utaratibu wake. Mwenye mali humleta mwenyewe nyumbani kwa mtunzaji, wanakaa na shahidi, wanakunywa rubisi, ile pombe ya ndizi, na kukubaliana. Mtunzaji hupata maziwa, samadi na ndama. Ng'ombe hubaki wa mwenyewe, na siku akimtaka humchukua. Kamugisha alisema, kwa ukarimu wake, kwamba ndama amemwachia Benadeta. Kwa Benadeta, Bihogo akiondoka ndiyo samadi imeondoka, na kibanja chake kinarudi kuwa majani. Angenyang'anywa mara ya pili, na safari hii hakuna hata kilima cha kusukumiwa.

Kilichokosekana kwa Kamugisha ni shahidi.

Aliniita Nkwenda Jumamosi. Alichoma mbuzi, akaagiza bia, akanikumbusha kwamba dada yake amenipikia miaka thelathini na kwamba shemeji ni shemeji. Mimi, mtu wa kinyaa, ninayesukuma yai, nilikula mguu mzima wa mbuzi yule na kulamba vidole. Sikuona karaha yoyote. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi, kwamba ilikuwa tamu.

Baraza lilikaa Alhamisi asubuhi uani kwa mzee Aristides, palipoanikwa kahawa. Watu walijaa, wengi wao wale wale wa magunia. Niliposimama nilisema nilikuwepo siku ile, kwamba tulikwenda wote nyumbani kwa Benadeta, tukakaa, tukanywa, tukakubaliana. Ningeishia hapo pengine ningepona. Lakini mzee Aristides ni mpenzi wa pombe na alitaka kujua: rubisi hiyo ilitoka wapi? Na mimi, kwa kuwa uongo ukishaanza unataka kupambwa, nikajibu kwa kujiamini.

"Yake mwenyewe, mzee. Ya mbire za hapohapo kibanjani kwake."

Mtu mmoja nyuma akacheka puani. Benadeta alisimama taratibu, akafunga kanga yake vizuri. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Baba Dastan, waitu, ndugu yetu," alisema, akiniita kwa jina la mwanangu kama siku zote, "hizo mbire si ulinipandia wewe? Tena wakati Bihogo alikuwa ameshamaliza mwaka kwangu?"

Hakuna aliyehitaji kuulizwa zaidi. Kila aliyekuwa pale alikumbuka rweya ile ilivyokuwa tupu Bihogo alipofika, na wengine waliniona nikipanda kilima na machipukizi begani. Mzee Aristides aliniangalia jinsi unavyoangalia kitu ulichokikuta ndani ya uji. Akasema ng'ombe abaki alipo. Kamugisha alipanda pikipiki yake, akanitemea mate karibu na kiatu na kusema kwamba hata kudanganya siwezi. Nilichefuka naye, kisha nikachefuka zaidi kwa kuwa alikuwa anasema kweli.

Kokubanza alikuwa amekaa upande wa wanawake. Nyumbani alipakua chakula chake akala akinipa mgongo, changu akakiacha sufuriani. Baadaye alisema neno moja tu, kwamba tumbo lake limekuwa zima mwaka huu kwa maziwa ya ng'ombe yule. Nilikaa na sufuria ile mbele yangu nikajaribu kula, nikashindwa. Kinyaa kilinirudia, na safari hii hakikuwa cha kitu kilicho nje yangu ambacho ningeweza kukisukuma pembeni.

Kesho yake nilijua maziwa hayaji. Yakaja. Vero alimpa Kokubanza kikombe, kisha akaniamkia kwa adabu ileile ya siku zote, jambo lililoniumiza. Akasema mama yake ananiita. Kwato ya Bihogo imevimba tena, na wao wawili hawawezi kumshika.

Nilikwenda. Mbwa wa waya alinibwekea, ambaye hakuwahi kunibwekea. Benadeta alikuwa ameshamfunga Bihogo kwenye nguzo, kisu na beseni la maji ya chumvi viko chini. Aliniambia karibu, akanionyesha mguu. Nikapiga goti, nikauinua na kuulaza juu ya paja langu, kwato ikiwa usoni pangu. Alipoipasua, usaha ulimwagika kwenye suruali yangu, wenye joto, na ule uvundo wa miaka mitatu iliyopita ukaniingia hadi kooni. Sikugeuza uso.

Nilitaka kusema. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, nikaanza kwamba Mama Vero, kuhusu yale ya jana. Hakuinua macho kutoka kwenye kisu chake.

"Shika vizuri, shahidi," alisema.

Nikashika. Tangu siku hiyo hajaniita Baba Dastan tena.