Nilivyoagwa kwa Ubani Kwenda Mkongani

Juzi nilikuwa ninaanika mashuka kwenye hoteli ninakofua, hapa Diani, akapita mgeni mmoja Mzungu na mkewe, wamevaa kofia pana kama ungo. Akanipungia mkono. "We're setting off for Shimoni," akasema. Nikamjibu yes, sir, maana hilo ndilo jibu langu la kila kitu. Halafu nikabaki na shuka mkononi linanidondokea maji miguuni. Set off for. Miaka yote hii nimeyakimbia maneno hayo, mwenzangu, yakaja kunikuta kwenye kamba ya nguo.

Acha nikueleze. Nilipokuwa darasa la nne, skuli yetu ilikuwa ya makuti, na mwalimu wetu mtu mwembamba, kaptura yake imepigwa pasi mpaka ungeweza kukatia ndimu. Mwaka ule alitwambia mkaguzi atakuja siku ya Jumatatu, na kila mtoto atasimama amsimulie safari aliyosafiri, kwa Kiingereza. Watakaomridhisha wataendelea na masomo Kwale mjini. Wengine jembe lao liko nyumbani, linawangoja. Na nafasi za skuli yetu zilikuwa mbili tu.

Sasa Kiingereza cha kuondoka kina mambo. Sisi mtu akiondoka, ameondoka. Akiwa na mzigo, amefunga safari. Basi, yamekwisha. Wao mtu ana set off, ana set out, ana start out, na akishaondoka hawamwachi aende zake. Wanamfungia vijineno nyuma kama makopo kwenye mkia wa mbwa: from kule alikotoka, for kule aendako, on ile safari yenyewe. Mwalimu alijaza ubao mzima. Mimi nikanyosha kidole nikauliza, "Mwalimu, na mtu mwenye haraka naye lazima aseme vyote hivyo?" Watoto wakacheka. Mwalimu akanishika sikio. "You will set off from your desk," akasema, "for the corner." Nikaenda kusimama pembeni. Hiyo peke yake ndiyo niliyoielewa siku ile.

Tena mimi sikuwahi kusafiri. Dunia yangu ilikuwa inaishia Ukunda. Mtoto wa jirani yetu, tuliyekaa naye dawati moja, alikuwa ameshatunga safari ya Lamu, na Lamu hajaiona hata kwa ndoto. Mimi nikajiona siwezi. Kusema kweli kwa Kiingereza kwenyewe kunanitoa jasho, nitasemaje uwongo?

Jumamosi asubuhi nikaona nijizoeze. Bibi mzaa mama, ndiye aliyenilea, alikuwa amekaa ukumbini anapepeta mchele, na uani samaki wa nazi anatokota, harufu imejaa nyumba nzima. Nikachukua kanga yake kuukuu, nikafunga shati langu na kikombe, nikajitwika, nikasimama mlangoni.

"Bibi, I am setting off from home for Mkongani."

"Unasemaje, mume wangu?"

"Naondoka. Nakwenda Mkongani."

Nilisema Mkongani kwa sababu mdogo wake alikuwa akilima huko, na ndiko mbali pekee nilikokujua jina. Bibi akaweka ungo chini. "Kwa bibi yako mdogo?"

"Kwa bibi mdogo."

"Haya. Ngoja hapo."

Mimi nikadhani ameingia kwenye mchezo. Akaleta chetezo, akatia ubani juu ya makaa, akanizungusha moshi mara tatu mpaka nikakohoa. Akashusha msahafu, akanipitisha chini yake. Akasoma, akanipulizia utosini. "Tanguliza mguu wa kulia, mjukuu wangu, wala usigeuke." Nikatanguliza. Nikaenda mpaka kwenye kona ya jiko, nikacheka peke yangu, nikageuka nirudi kula.

Mlango umefungwa kwa komeo.

"Bibi, nifungulie."

"Umesahau nini?"

"Sikusahau kitu. Nilikuwa nacheza."

Halafu akatokea dirishani, na uso wake haukuwa na utani hata punje. "Babu yako niliagana naye hapo hapo uliposimama," akasema. "Akarudi ndani kuchukua tumbaku yake. Mimi nikamwachia aingie. Alipofika Kombani akaanguka, wakamleta amebebwa. Mtu akishaagwa kwa ubani, mlango huu haupiti mpaka alale huko alikokutaja."

Jirani akasikia, akaja na mikono kiunoni. "Shoga, mwache mtoto aingie. Alikuwa anasoma masomo yake."

"Anasomea ubani wangu?"

"Basi apitie mlango wa uani."

"Kwani uani ni nyumba ya nani?"

Nikamwambia, "Bibi, Jumatatu yuko mkaguzi. Nisipokuwapo, Kwale siendi tena."

"Leo Jumamosi," akasema. "Nenda ulale, urudi. Sikukataza kurudi, nimekataza kugeuka njiani." Tofauti yake sikuijua, na sina hakika kama naijua sasa. Akanipitishia wali na samaki dirishani, vimefungwa kwa jani la mgomba. Nilikula nimesimama nje ya nyumba yetu kama mgeni.

Jirani mwenyewe alikuwa anapeleka nazi Kombani, basi akanichukua. Pale sokoni akanikabidhi kwa dereva wa lori lililokuwa linapanda kufuata mahindi. Nikapanda juu ya magunia matupu. Tulipoingia msitu wa Shimba baridi ikanishika, majani yananukia, na mimi nanong'ona set off from, set out for, set out on, yananichanganyika kama kunde na mbaazi. Utingo akaniangalia. "Waomba dua, bwana mdogo?"

"Naam," nikamwambia. Akaitikia amina.

Bibi mdogo nilimkuta shambani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi umefuata nini?"

"Hata sijui."

Akacheka mpaka akakaa chini kwenye matuta. Akanichomea muhogo, akanipikia chai ya tangawizi inayochoma koo. Jumapili nzima nilichunga mbuzi wake na watoto wa huko, na ningekwambia ilikuwa siku nzuri ya maisha yangu, ila kila mbuzi akilia nilimsikia mkaguzi. Lori halikushuka siku hiyo, dereva alikwenda kanisani. Likashuka Jumatatu, likaniteremsha Ukunda, na kutoka hapo nilikimbia na kikombe kinagonga ndani ya kanga.

Nikaingia darasani mkaguzi anakusanya karatasi zake. Mwalimu akanitazama kama aliyeona chatu. Akamwomba, mkaguzi akakaa tena.

Na wallahi, yalinitoka. I set off from home for Mkongani. Nikaeleza moshi kwa mikono, nikaeleza msahafu, mguu wa kulia, komeo. Vile vijineno kila kimoja kikakaa mahali pake, maana sasa nilikuwa nimevipitia kwa miguu yangu. Mkaguzi akaweka kalamu, akatabasamu. Kisha akaniuliza: na ulirudi vipi?

Mwenzangu, tulifundishwa kuondoka kwa namna tisa. Kurudi hatukufika. Nikamtazama mwalimu, mwalimu akatazama makuti. Nikasikia kuku wanaparua nje.

"No, sir," nikasema mwisho.

Akaandika kitu kifupi, akafunga mkoba.

Nafasi moja akapata mtoto wa jirani, kwa Lamu yake. Siku aliyokwenda Kwale na kisanduku chake cha bati, mamake alimwita Bibi amuage, na Bibi akamfukiza, akampulizia, vile vile kama mimi. Tukarudi nyumbani. Akakaa ukumbini, akaniuliza, "Mimi ndiye niliyekukosesha?"

"La, Bibi. Ni Kiingereza."

"Ungenambia mapema kwamba ni mchezo."

"Nilikwambia."

"Ulinambia ukiwa nje."

Mpaka leo nikilifikiria swali lake sipati pa kulishika. Bila yeye ningefika asubuhi na mapema, na nisingekuwa na safari ya kusimulia. Pamoja naye nilikuwa na safari, nikachelewa, na hata ningewahi, kurudi kungenishinda vile vile. Ameninyima Kwale, au amenipa Mkongani? Kila nikigeuza nakuta upande mwingine.

Bibi alifariki mwaka juzi. Siku hizi basi linasimama Ukunda, watu wanadandia na mandazi mdomoni, na walioachwa nyumbani wanajua jioni kwamba mtu hayupo. Chetezo sijui alichukua nani siku ya matanga. Nilipopata kazi hii ya hotelini nilifunga nguo zangu alfajiri, nikatoka, nikasimama nje ya mlango. Jirani alikuwa anafagia uwanja wake.

"Watoka?" akaniuliza.

"Natoka."

Akaendelea kufagia. Nikasimama kidogo, halafu nikarudi ndani kuchukua sabuni. Mlango ukafunguka tu, kama mlango wa mtu yeyote.