Nyayo za Bibi

Nilipokuwa na miaka minane, kule Mgeta, kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa kufuta nyayo za bibi yangu. Akitoka chooni, mimi nyuma yake na tawi bichi, nikisugua udongo mpaka usionyeshe kitu. Aliamini kuna mtu aliyechota udongo wa unyayo wake akaufunga kitambaani. Ndiyo maana miguu iliyobeba matenga ya kabichi kwenye ile miteremko miaka yote ilikuwa mizito, na magoti hayakunjiki alfajiri.

Mama akaona dawa ni asitoke kabisa, mwizi asipate unyayo mwingine. Bibi akakaa kwenye kigoda masika yote. Kadiri alivyokaa, ndivyo alivyokakamaa. Ikafika hatua ya kuinuliwa na watu wawili, na nikasikia watu wazima wakipanga kumpeleka mjini kwa mjomba. Nilijua akishuka mlima ule hatapanda tena.

Ndipo akaja Bi Zaina, Mzigua, mtani wake.

"Shikamoo, bibi," nikamwamkia.

"Marahaba. Maiti yenu iko wapi? Nimekuja na sanda."

Bibi akamjibu kutoka ndani, "Jifunike mwenyewe!"

"Nyayo zako nilichukua mimi," Bi Zaina akasema, akijikalisha bila kukaribishwa. "Nilitaka vitunguu, ukaninyima. Mmoja nimeumwaga kwenye mgomba wa pili, mmoja kwenye jiwe la kufulia, wa mwisho kisimani. Zifuate. Ukichelewa nazipandia njegere."

"Mwongo mkubwa wewe."

"Basi kaa."

Bibi akaniambia, "Nipe fimbo."

Tulimwinua, na siku ile akafika kwenye mgomba wa pili. Akachota udongo kidogo, akajipaka gotini, akarudi akitetemeka. Mama akamkanda kwa maji ya moto. Jiwe la kufulia lilimchukua wiki nzima. Kisimani alifika kipupwe kimeanza, na safari ya mjini haikutajwa tena. Tawi langu nililitupa bila kuambiwa.

Sijui kama Bi Zaina alielewa alichokifanya. Mimi nilikuja kukisoma chuo kikuu: kiungo kisichosogezwa hukakamaa, na paja lisilofanya kazi huliachia goti mzigo wote. Hata hivyo, magoti ya mke wangu yalipoanza kuuma, hapa Morogoro mjini, nilimwambia apumzike. Nilimletea chai alipokaa. Nilimletea viatu. Nilianika nguo.

"Baba Rehema," aliniambia siku moja, "niache niende mwenyewe."

Nikasema kesho.

Ugonjwa uliomchukua ulikuwa mwingine, haukuhusu magoti. Lakini miezi ambayo bado angeweza kutembea aliimaliza kwenye kiti nilichomchagulia mimi, chenye mto laini. Nilikuwa na tawi mkononi tena, sikuliona.

Tangu tumzike, kiti hicho nakikalia mimi. Asubuhi miguu yangu huwa mizito, na sina mtani wa kunitukana. Kwa hiyo nimejipangia mwenyewe. Juzi nilifika getini. Jana nilifika dukani kwenye kona. Leo, baada ya mvua, nimekwenda mpaka kaburini kwake, nimesimama mara mbili njiani kupumzisha magoti, nimerudi.

Nyayo zangu ziko kwenye tope, za kwenda na za kurudi. Nimeziacha.